Kabla ya handaki, tuambieni nauli

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nami nichangie huu mjadala wa kama Dar tujenge treni ya chini ya ardhi, manake naona umekolea sana, kwenye daladala watu wanabishana, kwenye magrupu ya wasap ndo usiseme, huyu anasema Dar imeshakuwa jiji kubwa haiwezekani mpaka leo watu wazima tunaingilia madirishani kwenye basi, yule anasema nchi yenye watoto wanaokaa chini darasani handaki la nini, na kila mmoja anamwona mwenzake hajielewi. Mimi nimekaa Cairo miaka sita, 2010 mpaka 2016, nasoma chuo kikuu cha Al-Azhar, na metro, yaani treni ya mjini, ndo ilikuwa miguu yangu. Niseme mapema kabisa kwamba mi niko upande wa wanaoitaka treni. Ila kuna swali moja naona pande zote mbili zinalipita, na ndo limenifanya nikae niandike. Swali lenyewe ni la tiketi. Nauli itakuwa shilingi ngapi siku ya kwanza, itakuwa ngapi baada ya miaka 10, na pengo kati ya nauli hiyo na gharama za kuendesha treni atalijaza nani?

Kwa wasioijua, metro ya Cairo ndo ya kwanza Afrika, walianza ujenzi mwanzoni mwa miaka ya themanini wakaifungua Septemba 1987. Na watu wengi wanadhani ni handaki toka mwanzo hadi mwisho, sio kweli. Walikuwa na reli mbili za zamani juu ya ardhi, moja inatoka Helwan huko kusini, ingine inatoka El-Marg kaskazini, zote zinaishia ukingoni mwa katikati ya mji na hazikutani, yaani ukitaka kuvuka unashuka unatafuta usafiri mwingine. Wakachimba kipande cha kilomita chache tu chini ya mji, kuanzia upande wa Sayyida Zeinab mpaka Ramses, wakaziunganisha zile reli mbili, ikawa laini moja ya kilomita kama 44. Mpaka leo ukipanda laini ya kwanza sehemu kubwa uko juu, unaona nguo zimeanikwa kwenye balkoni za watu. Handaki walichimba pale tu ambapo hapakuwa na njia ingine.

Hilo nalirudia kwa sababu na sisi Dar reli tunazo. Wanaokumbuka, Oktoba 2012 ilianza ile treni ya kwenda Ubungo, watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa wakati ule, na upande wa TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia, nako ikaanza kubeba abiria kutoka Mwakanga, baadae ikaongezwa ya Pugu. Watu waliipanda! Hakuna aliyewapigia debe. Ilikuwa mabehewa ya zamani, saa za asubuhi na jioni tu, lakini ukiipanda unafika. Sasa hivi jiji moja lina reli za aina tatu ambazo hazifanani hata upana, ya zamani ya kati ina milimita 1000, ya TAZARA 1067, na SGR, ile reli mpya, 1435, behewa la huku haliwezi kupita kule. Mtu anaponiambia tuchimbe, namuuliza kwanza hizi tatu tumezifanyaje.

Turudi Cairo. Kwenye laini ya kwanza, ukitoka Maadi unaelekea mjini, kuna stesheni inaitwa Dar el-Salam. Mara ya kwanza kuliona lile jina kwenye kibao tulikuwa wanafunzi watatu wa Kitanzania, tulishuka bila kupanga, tukazunguka mtaani. Ni mtaa wa watu wa kawaida kabisa, nyumba zimebanana, bajaji zinakatiza vichochoroni, wauza mboga wamepanga mpaka mlangoni kwa stesheni, Mbagala tupu. Na pale ndo nilipoielewa metro. Nilikuwa naiona ni kitu cha mji tajiri, kumbe walioijaza ni wale wa pale, fundi ana begi la vifaa, mama ana mfuko wa nyanya, watoto wa shule, askari wa likizo, wote wamelipa paundi 1. Paundi moja, uende stesheni ya pili au uende mwisho wa reli. Ilikuwa imekaa kwenye paundi hiyo toka 2006 na mpaka naondoka ilikuwa hiyohiyo. Zaidi ya watu milioni 3 kwa siku, na mwenye kipato kidogo kuliko wote hakuwa anapiga hesabu kabla ya kutoka nyumbani kama ana nauli ya kurudi.

Kulikuwa na dada mmoja wa Unguja tuliosoma nae, anakaa mbali na chuo, yeye alikuwa anasema mabehewa ya wanawake ya katikati ya treni ndo yalimfanya amalize masomo, kwa sababu kwenye basi la kawaida alikuwa anasumbuliwa kila siku mpaka akawa anaogopa kutoka. Nalitaja hilo kwa haraka lakini wanaopanga wasilisahau, wake zetu na mabinti wanajua ninachozungumzia.

Mi nilikuwa naishi mtaa wa Abbassia. Nilipofika mwaka 2010 laini ya tatu ilikuwa inachimbwa, barabara ya Geish ilikuwa mabati na vumbi, na kwenda Attaba katikati ya mji ni mikrobasi, umbali wa kilomita nne na kitu unaweza kukaa dakika arobaini, siku ya joto lile la Cairo unashuka umelowa. Februari 2012 wakafungua kipande cha kwanza, stesheni tano tu, Abbassia mpaka Attaba. Dakika kumi umefika. Sijui nielezeje kwa mtu ambae hajawahi kuishi hivyo, ni kama umeongezewa masaa kwenye siku. Nilianza kulala usingizi wa kutosha, nikaanza kwenda maktaba jioni, vitu ambavyo kabla ya hapo nilikuwa najiambia mi mvivu kumbe nilikuwa nimechoka tu na barabara. Kwa hiyo anayesema treni ni anasa, namheshimu lakini hapana. Masaa matatu mtu wa Chanika anayoacha barabarani kila siku ni masaa ya maisha yake, hayarudi.

Na wale wanaosema Dar haiwezekani kwa sababu ya maji, eti ardhi ya pwani ni mchanga na mto Msimbazi unajaa, nawaambia Cairo imekaa juu ya udongo wa Mto Nile, maji yako karibu sana chini, na laini ya pili walipitisha chini ya mto wenyewe toka miaka ya tisini. Inawezekana. Ni ghali na inataka watu makini, pale Zamalek, mtaa ulio kwenye kisiwa cha Mto Nile, mwaka 2020 wakati mashine inachimba laini ya tatu jengo moja la makazi lilipata ufa watu wakatolewa, na wakazi wa kile kisiwa walikuwa wamepinga stesheni kwao miaka mingi. Walichimba hata hivyo na treni inapita leo. Muuza juisi ya miwa wa mtaani kwetu yeye hakupinga treni, alichokuwa anadai ni kwamba yale mabati yalimfukuzia wateja miaka mitatu na hakuna aliyekuja kumuuliza umekula nini. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikamate hili mapema, fidia ya nyumba inayobomolewa watu wanaijua, ila fidia ya biashara inayokufa taratibu nyuma ya mabati haina anayeisemea.

Sasa tiketi.

Novemba 2016, mi nimesharudi nyumbani miezi michache, paundi ya Misri ikaachiwa sokoni ikapoteza karibu nusu ya thamani. Machi 2017 nauli ikapanda kutoka 1 kwenda 2. Mei 2018 wakaondoa kabisa nauli ya bei moja, ikawa 3, 5 na 7 kulingana na idadi ya stesheni. Chukua ramani uhesabu, mtu anayetoka Helwan kwenda katikati ya mji anapita stesheni zaidi ya 16, maana yake anaingia kwenye kundi la paundi 7. Ndani ya miezi 14 yule mtu wa Helwan ametoka paundi 1 mpaka 7 kwa safari ileile, kwenye behewa lilelile. Watu waligoma, wengine wakaruka mageti, polisi wakaingia stesheni, wapo waliokamatwa. Na haikuishia hapo, 2020 ikapanda tena, 2024 ikapanda mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kufikia Agosti 2024 safari ndefu ilikuwa paundi 20 na fupi kabisa 8. Rafiki yangu tuliekaa nae chumba kimoja bado yuko kule anafundisha, aliniambia siku hizi anawaona watu wanashuka stesheni moja kabla wanatembea ili wasivuke kiwango.

Serikali ya kule ilijitetea kwamba metro inapata hasara, laini ya kwanza imezeeka, treni mpya zinahitajika, umeme umepanda. Na yote hayo ni kweli! Hapo ndo nataka wasomaji tutulie. Hakuna aliyedanganya. Nauli ya paundi 1 ilikuwa haitoshi hata kidogo kuendesha ile treni, miaka yote ile pengo lilikuwa linalipwa na hazina, na mi sikuwahi kusikia watu wakiambiwa ni kiasi gani wala mpaka lini. Kumbe kila siku niliyopanda kwa paundi 1 kulikuwa na deni linaandikwa mahali, halafu siku moja likaletwa lote mlangoni kwa fundi wa Dar el-Salam. Kama wangeambiwa toka mwanzo, nauli ingepanda kidogokidogo na mishahara ikiongezeka, au bunge lingetenga ruzuku ya wazi kila mwaka, mtu angejipanga.

Na kuna ugonjwa mwingine ndani yake. Hizi treni zinajengwa kwa mikopo ya nje, kule laini ya tatu kulikuwa na fedha za Ufaransa na za benki ya Ulaya, laini ya nne ina mkopo wa Japan. Mkopo unalipwa kwa yuro, kwa yeni, kwa dola. Tiketi inauzwa kwa paundi. Pesa ya nyumbani ikianguka, deni limenenepa usiku mmoja na abiria hajapanda hata mara moja zaidi. Sisi shilingi yetu tunaijua.

Wapo watakaosema Cairo ni mbali, haya twende Addis. Mwaka 2015 Waethiopia walifungua treni ya mjini, haiko chini ya ardhi sana, ni ya juu na ya kati ya barabara, zaidi ya kilomita 30, dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Nauli ilianza birr 2. Afrika nzima tuliipigia makofi, na mi nilikuwa mmojawapo. Treni zilikuwa 41. Miaka haikupita mingi nyingi zikawa zimepaki karakana zinasubiri spea, kwa sababu spea ni dola na tiketi ni birr, na nauli ndogo ile haileti dola. Reli ipo. Stesheni zipo. Abiria wakawa wamejaa wanasubiri, chache zilizobaki zikawa zinapita zimefurika hazina hata pa kuweka mguu. Hakuna handaki lililoanguka wala injinia aliyekosea, ni hesabu ya baada ya kufungua ambayo haikukaa sawa.

Upande wa pili nao, wale wa "tusijenge kabisa nchi maskini", nao wana funzo lao na linaitwa Lagos, kule Nigeria. Gavana Lateef Jakande alianzisha mradi wa metro 1983, mwaka 1985 serikali ya kijeshi ya Muhammadu Buhari ikaufuta, na kuufuta tu kulikula zaidi ya dola milioni 78 za wananchi bila kupata hata stesheni moja. Lagos ikakaa kwenye foleni karibu miaka arobaini. Januari 2023 ndo kipande cha kwanza cha laini ya bluu kikazinduliwa, kilomita 13, stesheni tano, na aliyekuja kukizindua ni Rais Buhari huyohuyo, wakati huo ameshakuwa mzee. Kusubiri nako kuna bei yake.

Kuhusu gharama ya kuchimba nitatoa mfano mmoja tu. Quito, mji mkuu wa Ecuador, walifungua metro yao ya chini kwa abiria Desemba 2023, kilomita 22 na kitu, stesheni 15, karibu dola bilioni 2. Ukigawa unapata kama dola milioni 90 kwa kilomita moja. Zile za Addis za juu ya ardhi ukigawa ni kama milioni 15. Wao Quito wamebanwa na milima pande zote na mji wa kale juu, walikuwa na sababu. Sisi tumebanwa wapi? Labda Posta na Kariakoo, na ndo maana nasema mfano wa kufuata ni ule wa Cairo wa 1987, handaki fupi katikati, huko kwingine tumia reli iliyo juu.

Mimi naishi Mbagala. Njia ya mabasi ya mwendokasi ya kwetu ilijengwa ikakamilika, lami safi, vituo vimepakwa rangi, halafu ikakaa muda mrefu bila basi. Tulikuwa tunapita pembeni yake ndani ya daladala tumesimama kwa mguu mmoja, tunaitazama iko tupu, bodaboda zinakatiza, watoto wanaendeshea baiskeli. Jirani yangu mzee mmoja alikuwa akiuliza kila jioni, mwanangu hii si imeisha? Imeisha mzee. Sasa mbona hatupandi? Sikuwa na jibu la kumpa. Na ile ya kwanza ya Kimara iliyoanza Mei 2016, kila mtu anakumbuka mwanzo ulivyokuwa mtamu, na kila mtu anajua mabasi yakipungua kituo kinakuwaje, na mvua kubwa ikinyesha pale Jangwani maji yanavyofunga njia. Barabara haikuwa na kosa. Kilichopungua ni mabasi, ni spea, ni pesa ya kila siku isiyokatwa utepe. Treni ya chini ya ardhi ni hiyohiyo mara kumi, kwa sababu basi likiharibika utaazima la daladala, treni ikiharibika handakini huna cha kuazima, na pampu za maji na feni za hewa na ngazi za umeme zinakula umeme usiku na mchana hata kama hakuna aliyepanda.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge wetu wa Dar, sio muwe mnapinga wala sio muwe mnashangilia. Siku likiletwa andiko lolote la treni ya mjini, iwe ya chini iwe ya juu, fungueni ukurasa wa nauli kabla ya ukurasa wa picha. Jiji la watu milioni 5 na laki 3 kwa sensa ya 2022, wengi wao wanapata leo wanakula leo, nauli wanayoweza inajulikana, haihitaji mtaalamu, kamuulize konda. Ukishajua hiyo, piga hesabu ya umeme, mishahara, spea na deni, toa, utapata pengo. Hilo pengo liandikwe kwa shilingi, kwa mwaka, na lisemwe linatoka wapi, kama ni tozo ya mafuta tujue ni tozo ya mafuta, kama ni kodi ya viwanja vitakavyopanda bei karibu na stesheni basi sheria yake ipite kabla ya ujenzi, kwa sababu tajiri mwenye ghorofa pale atavuna bila kupanda mbegu. Na nauli ikibidi kupanda, ipande kwa kanuni inayojulikana, sio tunaamka Ijumaa asubuhi tunakuta kibao kipya dirishani kama walivyoamka wenzetu Mei 2018.

Nawe mhariri nina ombi dogo. Waandishi wako ni wazuri, huwa wanatuletea picha za mitambo na maneno ya wakubwa wenye kofia ngumu. Mtume mmoja, hata wiki moja tu, asimame kituo cha Rangi Tatu huku Mbagala saa kumi na moja alfajiri, aulize watu hamsini wanalipa nauli kiasi gani kwa siku kwenda na kurudi na wanabakiwa na nini. Chapisha majibu yao ukurasa wa kwanza. Yule mzee jirani yangu amesema yuko tayari kuwa wa kwanza kuulizwa, huwa anatoka saa kumi na nusu.

Msomaji wako,
Mwalimu, Mbagala, Dar es Salaam